Kabati la Nyama Tulilojenga Soweto

Baba yangu aliwapikia watu wengine kwa zaidi ya miaka thelathini, na sisi wanawe tulikula chakula chake mara chache sana. Alikuwa mpishi wa misheni moja kwenye vilima vya Iringa, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kijijini kwetu. Mwisho wa mwezi alirudi nyumbani, akakaa siku mbili, akapasua kuni, akarekebisha mlango au paa, akaondoka. Mama ndiye aliyetulea. Baba akifika alikaa kwenye kigoda akisubiri kupakuliwa kama mgeni, na nadhani hivyo ndivyo alivyojiona.

Alikuwa akituletea kitu kimoja: kipande cha nyama kavu, nyekundu iliyokolea, kimefungwa kwenye karatasi. Pale misheni palikuwa na bruda mzee, mtawa wa Kiitaliano, aliyekausha mapaja ya nguruwe katika chumba cha chini ya ardhi, bila moto wala moshi, kwa chumvi na hewa tu. Baba alikuwa msaidizi wake. Mama alikikata kile kipande vyembamba kabisa, akatugawia, nasi tukala na ugali na majani ya maboga. Nyama tuliyoizoea ilikuwa ile ya kutundikwa juu ya moto jikoni, nyeusi, ngumu, inayotaka meno. Hii ilikuwa laini. Nilikuwa naiweka ulimini bila kuitafuna mpaka inaisha yenyewe.

Sasa mimi ni mwalimu wa kemia hapa Mbeya. Nina mume, nina watoto wawili ambao wote wako vyuoni, na tunaishi mtaa wa Soweto katika nyumba yenye ua mdogo na stoo nyuma. Mama alipofariki, ndugu zangu na mimi tulikubaliana kwamba baba asibaki peke yake kijijini, na kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyokuwa na chumba kitupu, nilikwenda kumchukua. Alikuja na begi moja na redio.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Baba alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Aliona vivuli na mwanga, basi. Daktari alikwisha kumwambia kwamba upasuaji ni mdogo na anaweza kuona tena, lakini kila nilipomgusia alinijibu jambo lilelile: "Nilivyotaka kuona nimeshaviona." Alikula vijiko vitatu au vinne na kusukuma sahani. Asubuhi alikaa barazani amejifunika blanketi, akawaitikia wapita njia kwa "Kamwene" ya Kihehe hata kama wao walimsalimia kwa Kinyakyusa au Kisafwa, na baada ya hapo hakusema neno hadi jioni. Nilimpeleka hospitali, wakampima kila kitu. Waliniambia hana ugonjwa.

Na mimi, nikiri tu, sikujua nizungumze naye nini. Mama ningemweleza habari za shule, za majirani, za bei ya nyanya. Na baba hatukuwahi kuzungumza. Nilimheshimu, nilimchemshia maji ya kuoga, nilimfulia, na tukikaa pamoja nilikuwa nasahihisha madaftari ili mikono yangu iwe na kazi.

Asubuhi moja mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na baridi imeanza kushuka kutoka mlimani, nilikuwa namwekea uji mbele yake. Akainua uso, akavuta hewa puani kwa muda mrefu.

"Hewa ya hapa ni ya kukaushia nyama," alisema.

Nikasimama na sufuria mkononi. "Kama ile ya misheni?"

"Kuliko ile. Kule tulichimba chini kuitafuta baridi. Nyie mmekaa nayo tu bure."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu afike. Niliweka sufuria chini, nikavuta kiti. Nilimuuliza chumba kile kilikuwa na ukubwa gani, madirisha mangapi, nyama ilikaa muda gani. Akanijibu kila swali. Uji ukapoa, akaunywa hivyohivyo, wote.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nataka kujenga kabati la kukaushia nyama. Aliniangalia, akamwangalia baba aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, akasema, "Stoo ina nafasi."

Jumamosi nilikwenda soko la Mwanjelwa kwa fundi mmoja wa mafriji ambaye nje ya kibanda chake amepanga mafriji yaliyokufa. Nilitaka gamba tu: mlango unaofunga vizuri, mpira wake mzima, ndani pasiwe na kutu. Alidhani natania. Nilipomchorea kwenye karatasi alianza kuvutiwa. Tulikubaliana atoboe tundu chini upande wa kushoto na jingine juu upande wa kulia, aweke wavu wa kuzuia nzi, afunge feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta, na balbu moja ndani ya kopo la maziwa ili itoe joto kidogo kukiwa na baridi kali bila kumulika nyama.

Akiwa amekwisha kupima matundu, akauliza, "Nyama ya nini, mwalimu?"

Nilijua yeye ni Mwislamu. Ningeweza kusema ng'ombe. Nikasema, "Nguruwe, fundi. Samahani, ningekwambia mapema."

Aliweka kalamu sikioni, akafikiri. "Kabati nitatengeneza mimi. Utakachotundika ni chako na nyumba yako. Ila likiharibika, nitakurekebishia waya kabla hujatundika, sio baada."

"Sawa kabisa."

Akalitengeneza vizuri kuliko nilivyomwelekeza. Alilainisha kingo za matundu yale kwa msasa ili nisijikate wakati wa kusafisha. Hilo sikumwomba.

Kilichobaki ni fito za kutundikia. Nilikuwa na mbao za mkaratusi, baba akazigusa, akazinusa, akazikataa. "Nyama itakuwa dawa ya kikohozi." Alitaka mianzi, tena mianzi ya nyumbani, ile ambayo mama aliipanda kwa ajili ya kugema pombe ya ulanzi. Nikampigia simu shangazi, naye akakata fito nne zilizokomaa, akazifunga pamoja na kumpa kondakta wa basi la Mbeya. Siku nilipozileta nyumbani baba alizipitisha mikononi moja moja, taratibu. Tukazikata kwa kipimo cha kabati, yeye akishika ncha na mimi nikikata.

Kuhusu nyama nilikuwa mkali. Nyanda hizi tunapenda kitimoto, na minyoo ya tegu tunayo. Nilinunua shingo mbili za nguruwe kwa mama mmoja muuza nyama ambaye kila nyama yake ina muhuri wa mkaguzi, na juu ya hapo nikamwomba anigandishie kwenye friza lake siku kumi kabla ya kunipa. Baba aliona nazidisha. "Bruda hakugandisha."

"Bruda alifuga nguruwe wake mwenyewe ndani ya banda, baba. Hawa sijui wamekula nini."

Akakubali.

Ilipofika kwenye chumvi tukashindana. Mimi nilipima kwa mizani ya maabara: gramu thelathini kwa kila kilo ya nyama. Yeye alichukua chumvi kwa kiganja, akaimwaga kwenye bakuli, akaongeza kidogo, akapunguza kidogo. Nilipoweka bakuli lake kwenye mizani, tofauti yetu ilikuwa gramu mbili. Nikamwambia. Alicheka, na meno yake machache yakaonekana, na nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kukaa karibu namna ile na baba yangu anapocheka.

Nyama ilikaa na chumvi yake kwenye friji ya jikoni wiki mbili. Kisha tukaiosha, tukaipaka pilipili manga na vitunguu saumu, tukaifunga kwa uzi wa katani na kuitundika kabatini. Mafundo aliyafunga baba. Vidole vyake havikuhitaji macho.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya tisa niliona ukungu mweupe umeota juu ya nyama. Nikashtuka. Nilipomweleza baba alisema ukungu mweupe hauna neno, ufutwe kwa kitambaa chenye siki na uachwe. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa kemia. Niliwaza kwamba unyevu umezidi, na dawa ya unyevu ni upepo. Nikaondoa ile feni ndogo ya fundi, nikaweka feni kubwa ya mezani, nikaiacha izunguke mchana kutwa.

"Upepo umezidi," baba alisema kesho yake, amesimama mlangoni mwa stoo. "Nausikia kwa masikio."

"Unyevu ukishuka ukungu utakufa, baba."

"Nyama nayo inataka kupumua."

"Nitaangalia," nilisema, kwa ile sauti ninayowajibu wanafunzi nikitaka wanyamaze. Sikuangalia.

Mwezi wa saba upepo mkavu ulivuma siku nyingi mfululizo. Nyama ikapungua uzito haraka, nikafurahi, nikawa naandika namba kwenye ukuta wa stoo kwa chaki. Kwa nje ilikuwa ngumu kama kiatu. Jumapili moja baada ya misa nikaishusha, tukakaa mezani watatu, mimi, mume wangu na baba, nikakata. Kisu kiligoma, halafu kikazama ghafla. Ndani nyama ilikuwa ya kijivu, inateleza, na harufu ikajaa chumbani. Upepo ulikuwa umekausha ngozi ya nje upesi mno, ikawa ukuta, na maji yakafungiwa ndani yakaoza. Ya pili ilikuwa vilevile.

Mume wangu alifungua madirisha. Mimi nilichukua nyama zote mbili kwenye ndoo, nikaenda kuzifukia nyuma ya migomba. Nilipomaliza nilikaa kwenye ndoo ile nimeigeuza, nikalia. Sikuwa nalilia nyama. Kwa miezi miwili baba alikuwa ameamka kila siku na kitu cha kungojea, na mimi kwa ujuaji wangu nilikuwa nimekiozesha.

Nikasikia fimbo yake inagonga ukuta wa nyumba, anakuja kwa kupapasa. Nikamkalisha kwenye ngazi ya stoo.

"Bruda alitupilia mbali mapaja sita," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza. Mapaja sita ya nguruwe, tukayachimbia shimo kama tunazika mtu."

"Kwa nini?"

"Niliacha dirisha la upande wa upepo wazi. Siku ya upepo dirisha linafungwa, na maji yanamwagwa sakafuni ili hewa isiwe na kiu. Alinionyesha mara mbili. Nilijua, nikasahau, nikalala."

"Akakufukuza?"

"Alinipigia kelele Kiitaliano siku nzima, sikuelewa hata neno. Jioni akaja na visu viwili, kimoja changu. Akasema tunaanza upya, na hutatoka hapa mpaka ujue." Baba akazungusha fimbo mkononi. "Nilikaa miezi miwili bila kurudi nyumbani. Ni wakati huohuo uliozaliwa wewe. Mama yako alituma ujumbe kupitia watu wa soko kwamba amejifungua mtoto wa kike. Niliogopa kuomba ruhusa. Niliona nikiondoka nitakuwa nimepoteza kazi, na nikipoteza kazi mtalala njaa. Nilikuona una miezi miwili. Ulikuwa unacheka tayari. Ulinicheka mimi, mtu usiyemjua."

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Mama aliniambia siku zote kwamba nilipozaliwa baba alikuwa kazini, akaishia hapo, kama vile kazi ni mahali ambapo mtu hawezi kutoka.

"Mama yako hakunilaumu hata siku moja," baba alisema. "Ningependa angenilaumu kidogo. Wewe unilaumu kama unataka."

Nilitafuta lawama ndani yangu. Nilikuwa nayo, nimeibeba miaka mingi, lakini nilipoitafuta pale kwenye ndoo nikaona mtu mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu chini ya ardhi, na chumvi kwenye mikwaruzo ya mikono, akihesabu watoto wake. Nikamwambia, "Baba, twende ndani, baridi inaingia." Nikamshika mkono, na safari hii sikumshika kama mgonjwa.

Usiku nilikuwa tayari nimeshajua la kufanya, maana alikuwa ameniambia mwenyewe: hewa isiwe na kiu. Katika kemia tunafundisha kwamba chumvi nyingi ikilowekwa kwa maji kidogo, ikabaki kama uji mzito, hewa iliyofungiwa nayo hutulia kwenye unyevu uleule. Ikikauka sana inanyweshwa, ikilowa sana inanyonywa. Nimelisema jambo hilo ubaoni mara nyingi sana. Bruda alimwaga maji sakafuni, mimi nikaweka sinia la chumvi iliyolowa chini ya kabati. Nilikuwa bado sijatundika nyama mpya, nikalisugua kabati kwa siki na maji ya moto, nikamwita fundi. Alikuja na baiskeli hadi Soweto, akairudisha feni yake ndogo, akaifungia kifaa cha kuiwasha dakika chache kila saa. Alipomaliza alinawa mikono, akakaa na baba barazani wakanywa chai, wakaongea juu ya mafriji na mahandaki kana kwamba ni watu wa kazi moja. Mwezi uliofuata nilimpelekea dumu dogo la asali ya Chunya, kwa sababu nyama yetu asingeila na nilitaka naye aonje kitu.

Tukaanza tena. Safari hii baba alikuwa bwana mkubwa wa stoo. Kila asubuhi, kabla ya uji, alikwenda mwenyewe akishika ukuta, akafungua mlango wa kabati, akaingiza kichwa na kunusa. Kisha alinipa taarifa mezani nikiwa navaa viatu vya kwenda shule. Leo inanuka majani mabichi. Leo inanuka uyoga, hiyo ni nzuri. Leo imeanza kunuka karanga. Alianza kuomba chumvi kwenye mchuzi. Alianza kuomba mchuzi. Mume wangu aliniambia mzee ameongezeka mashavu.

Wiki ya tano nilimwambia kwamba ukungu umerudi.

"Rangi?"

"Mweupe. Kuna mahali kama una kijani."

"Kijani kama nini? Kama moshi au kama mwani?"

Nikatazama. Sikujua. Nilijaribu kueleza, nikachanganya, yeye akauliza tena, mimi nikakosea tena. Mwisho akafunga mlango wa kabati.

"Rangi siwezi kuinusa," alisema. "Yule daktari wa macho bado yupo?"

Upasuaji wa jicho la kwanza ulifanyika wiki mbili baadaye, hapahapa Mbeya. Nilingoja kwenye benchi, nikisali sala ambazo mama alikuwa akizisema. Haikuchukua hata saa nzima. Kesho yake muuguzi alibandua kitambaa, kijana mpole, akamwambia baba afungue jicho pole pole. Baba alimtazama muuguzi, akatazama dirisha, akageuka kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu hadi nikaona aibu, nikashika kitambaa cha kichwa kukiweka sawa.

"Umezeeka," alisema. "Umekuwa kama mama yako."

Muuguzi alicheka.

Tulipofika nyumbani hakwenda kulala. Alikwenda stoo na kinga yake ya plastiki jichoni, akaangalia ule ukungu. Ulikuwa wa moshi, ule usio na neno, si wa mwani. Akaupangusa kwa siki.

Nyama tuliishusha mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, uzito umepungua theluthi. Baba alichomoa kutoka kwenye begi lake sindano ya mfupa ambayo sikuwahi kuiona, akaichoma ndani kabisa ya nyama, akaichomoa na kuipitisha puani. Akachoma mahali pengine, akanusa. Kisha akanipa mimi ninuse. Nilinusa karanga, na kitu kitamu kwa mbali, kama nyasi zilizokauka juani. Akanipa kisu pia. "Kata wewe."

Ndani ilikuwa nyekundu, mafuta yake meupe safi yamepita katikati kama mito kwenye ramani. Nilikata kipande chembamba, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha ili akione, akakiangalia, akafungua mdomo. Alitafuna taratibu. Mume wangu na mimi tulimngoja kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema, na akanyoosha mkono apewe kingine.

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi niliyopata bila kuyatafuta: fundi aliyelainisha kingo, shangazi na mianzi yake, mume asiyeuliza maswali mengi, mama muuza nyama aliyelitunza furushi langu kwenye friza lake siku kumi. Lakini zaidi ya yote nashukuru kwamba nilimpata baba yangu nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, wakati nilipokuwa nimeshazoea kuishi bila yeye. Jicho la pili alifanyiwa baada ya Krismasi. Sasa anasoma gazeti, ananikosoa namna ninavyomenya viazi, na ananisimulia misheni, kidogo kidogo, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mama.

Siku ile ya kushusha nyama tulikula hadi nusu ya shingo ya kwanza ikaisha. Kisha baba alitoka na kiti chake hadi uani, kwenye jua, akasinzia na mikono tumboni. Nilikuwa na rundo la madaftari ya kidato cha tatu yanayonisubiri mezani. Niliyaacha, nikachukua kiti kingine, nikaenda kukaa naye.